MAELEZO KUHUSU UNUNUZI NA UPIMAJI WA KADI ZA KUMBUKUMBU ZENYE UWEZO MKUBWA

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wananchi. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu ili yawafikie pia wale ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.

Nazungumza nanyi juu ya kitu ambacho kwa umbo lake hakizidi ukucha wa kidole gumba, lakini ambacho hivi leo kimebeba kazi nyingi za ofisi zetu na kumbukumbu nyingi za majumbani mwetu. Nakusudia kadi za kumbukumbu zinazotiwa katika simu, kamera na vinasa sauti, ambazo madukani tunaziita memori kadi. Nitazungumzia jinsi ya kuzinunua na, zaidi ya hilo, jinsi ya kuzipima kabla ya kuzitumia. Mimi si fundi wa kompyuta. Niliyonayo nimeyapata kwa kusoma, kwa kuuliza wanaojua, na kwa hasara moja ambayo naomba nianze nayo.

Mwaka 2021 nilitumwa Pemba pamoja na mpiga picha wetu kwenda Kojani kumrekodi mzee mmoja, fundi wa kuunda vyombo vya baharini. Kwa siku tatu mzee yule alituzungumzia, tezo ikiwa mkononi. Siku ya kwanza alieleza habari za miti na namna ya kulaza mkuku. Siku ya pili alieleza mataruma na mbao za ubavuni, na jinsi anavyopima kwa jicho bila ya karatasi yoyote. Siku ya tatu ilikuwa ya kalafati, deheni na kushua chombo, na akatuimbia nyimbo ambazo watu huziimba wakati wa kuburura chombo kwenda majini. Jumla tulirekodi muda wa saa saba na nusu.

Kamera yetu hutumia kiasi cha gigabaiti 11 kwa kila saa moja ya picha. Kadi tuliyokuwa nayo iliandikwa gigabaiti 512, na kamera yenyewe ilituonesha kwamba ina nafasi ya zaidi ya saa 45. Hatukuwa na sababu ya kutia shaka. Usiku wa siku ya kwanza tulitazama kazi yetu, tukaiona ni nzuri, na siku mbili zilizofuata hatukutazama tena.

Tuliporudi Unguja na kuitia kadi katika kompyuta, majalada yote yalikuwepo. Yalikuwa na majina yake, tarehe zake na hata ukubwa wake. Picha za siku ya kwanza zilifunguka zote. Za siku ya pili zilifunguka kwa muda usiofika nusu saa, kisha kioo kikawa cheusi. Za siku ya tatu hazikufunguka hata moja. Fundi wa kompyuta aliipima kadi ile akatuambia kwamba uwezo wake wa kweli ni gigabaiti 32. Mzee wetu alifariki dunia kabla hatujapata fedha za safari ya pili. Wanawe ni wavuvi hodari, wanajua kukiendesha chombo, lakini kazi ya kuunda hawakuirithi. Nyimbo zile sina, wala sijampata mwengine anayezijua zote.

Naomba niseme wazi kwamba sikuja hapa kumlaumu mfanyabiashara aliyetuuzia. Mimi ndiye niliyetia saini hati ya kupokelea kadi ile. Nilisoma maandishi juu ya pakiti, nikahakikisha kwamba idadi ni kadi moja kama ilivyoagizwa, nikatia saini. Mkulima wa karafuu anapopeleka gunia lake kituoni, hakuna anayelipokea kwa kusoma maandishi ya juu ya gunia. Linapandishwa kwenye mizani. Sisi tulipokea bila ya mizani.

Ndugu Wananchi,

Ili kufahamu udanganyifu huu unavyofanyika, ni vyema tukajua kilichomo ndani ya kadi. Mna vitu viwili vikubwa. Kwanza ni ghala lenyewe, yaani chipu ya kumbukumbu ya aina inayoitwa flashi, ambayo asili yake ni kazi ya mhandisi wa Kijapani Fujio Masuoka, aliyekuwa mtumishi wa Toshiba, katika miaka ya 1980. Chipu hiyo ina vijumba vidogo mno visivyohesabika kwa jicho, na kila kijumba hushika chaji ya umeme ambayo hubakia humo hata baada ya kadi kutolewa katika kifaa. Pili ni msimamizi wa ghala, nayo ni kompyuta ndogo kabisa iliyomo ndani ya kadi. Kamera au simu haiingii ghalani. Inazungumza na msimamizi tu, inamuuliza ghala lina ukubwa gani, inampa mzigo auweke, na kumtaka autoe unapohitajika.

Hapa ndipo mlango wa hadaa ulipo. Msimamizi huyo hufanya kazi kwa maelekezo aliyoandikiwa kiwandani, na maelekezo hayo yanaweza kuandikwa upya. Mwezi Disemba 2013 wataalamu wawili, Andrew Huang na Sean Cross, walionesha mbele ya mkutano mjini Hamburg, Ujerumani, namna kompyuta hiyo ya ndani ya kadi inavyoweza kupewa maelekezo mengine. Wao walifanya hivyo kwa ajili ya elimu. Wadanganyifu hufanya hivyo kwa ajili ya biashara: huchukua kadi ya gigabaiti 16 au 32, humuamuru msimamizi aseme kwamba ana 512, kisha hupiga chapa ya juu na kuitia katika pakiti inayong'ara. Ni sawa na pishi iliyotiwa kitako cha uongo. Ukiitazama kwa nje ni pishi kamili, ukiipima ndani ni kibaba.

Ubaya wa pishi hii ni kwamba haikatai kujazwa. Kamera inapoleta mzigo baada ya ghala kujaa, msimamizi hupokea na kusema umewekwa. Katika baadhi ya kadi mzigo huo hutupwa moja kwa moja. Katika nyengine huandikwa juu ya mzigo wa zamani, kwa hivyo yanayopotea ni yale uliyoyahifadhi mwanzo, na pengine uliwahi kuyaona kwa macho yako kwamba yalikuwa mazima. Majina ya majalada hubakia kwa sababu daftari la majina huwekwa mwanzoni mwa kadi, katika sehemu iliyo ya kweli. Ndiyo maana sisi tuliona orodha kamili, na tukashukuru kabla ya wakati.

Sasa niondoe shaka moja ambayo wengi huniuliza. Mtu ananunua kadi ya gigabaiti 128, anaitia katika kompyuta, anaona 119, anarudi dukani kwa hasira. Huo si udanganyifu. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa ni baiti 1,000,000,000 kamili. Kompyuta nyingi, hasa zinazotumia Windows, huhesabu gigabaiti moja kuwa ni baiti 1,073,741,824. Baiti ni zile zile, kipimo ndicho kilichotofautiana, mithili ya mtu anayepima kitambaa kwa mikono yake na mwenziwe anayepima kwa mita. Kwa hivyo kadi ya 32 itaonekana kuwa karibu na 30, ya 64 karibu na 60, ya 256 karibu na 238, na ya 512 karibu na 477. Tunapaswa kushtuka pale upungufu unapozidi kiasi hicho. Na kadi ya uongo, kwa kawaida, haioneshi upungufu wowote, kwani idadi hiyo inatokana na kauli ya msimamizi yule yule aliyefundishwa kusema uongo. Kuitia kadi katika simu na kusoma idadi, kama wanavyofanya wauzaji wengi mbele ya mteja, hakuthibitishi chochote.

Nakuja katika alama zilizoandikwa juu ya kadi. Kadi hizi zilitangazwa mwaka 1999 na makampuni matatu, SanDisk, Panasonic na Toshiba, na mwaka uliofuata yakaanzisha chama kinachoweka kanuni zake. Chini ya kanuni hizo kadi zimegawanywa kwa ukubwa. Iliyoandikwa SD peke yake haizidi gigabaiti 2. Yenye herufi HC ni ya zaidi ya 2 hadi 32. Yenye herufi XC ni ya zaidi ya 32 hadi terabaiti 2, na terabaiti moja ni gigabaiti 1,000. Juu ya hapo, tokea mwaka 2018, kuna daraja yenye herufi UC inayofika terabaiti 128. Faida ya kujua herufi hizi ni kwamba wadanganyifu wengi hawazijali. Ukiona kadi imeandikwa gigabaiti 64 na pembeni ina HC, au imeandikwa terabaiti 4 na pembeni ina XC, basi kadi hiyo inajipinga yenyewe na hakuna haja ya kuipima. Iache mezani.

Herufi hizo zina jambo jengine. Kifaa cha zamani kilichotengenezwa kwa ajili ya HC aghalabu hakisomi XC, hata kadi ikiwa halali kabisa. Someni kijitabu cha kamera kabla ya kuagiza.

Kuna pia alama za mwendo. Namba 10 iliyozungukwa na herufi C, au namba 1 ndani ya herufi U, humaanisha kwamba kadi imeahidi kuandika si chini ya megabaiti 10 kwa sekunde. Namba 3 ndani ya U, au alama V30, ni megabaiti 30. V60 ni 60 na V90 ni 90. Kwa kurekodi mikutano na vipindi vya kawaida, alama ya 10 inatosha. Kwa picha za hali ya juu zinazoitwa 4K, takeni V30. Alama A1 na A2 zinahusu simu ambazo huwekewa programu ndani ya kadi, wala hazimhusu mpiga picha. Na ile namba kubwa inayoandikwa kwa wino mnene, kama 170 au 200, ni mwendo wa kusoma, na mara nyingi haupatikani ila kwa kifaa maalumu cha kusomea cha kampuni yenyewe. Isimshawishi mtu kulipa zaidi.

Kuhusu pahala pa kununua, sitataja duka, kwa kuwa si kazi ya ukurasa huu, na kwa kuwa kadi mbovu zimeonekana katika maduka mazuri, na kadi nzuri zimeuzwa na vijana wanaopitisha bidhaa mikononi. Wafanyabiashara wengi wetu, wa Darajani na kwengineko, huchukua bidhaa kwa jumla Kariakoo au Dubai, na wao wenyewe hununua mbuzi kwenye gunia. Anayekuuzia anaweza kuwa ameshadanganywa kabla yako. Cha msingi ni bei na masharti. Ulizieni bei ya kadi ya ukubwa ule ule, ya kampuni ile ile, katika maduka matatu. Ikiwa mawili yanakaribiana na la tatu linauza kwa robo ya bei hiyo, msijipongeze kwa kupata ya rahisi. Chipu ya gigabaiti 512 ina gharama yake kiwandani, na hapana mfanyabiashara anayeuza kwa hasara mwaka mzima.

Kadhalika jihadharini na vile vifaa vinavyouzwa kuwa ni diski za nje za terabaiti 16 au zaidi kwa bei ya chakula cha siku mbili. Vingi vilivyofunguliwa vimekutwa ndani yake mna kadi ndogo ya microSD iliyobandikwa katika kifaa cha kusomea, na kasha lililobaki ni tupu. Katika baadhi yake hutiwa kipande cha chuma ili kiwe kizito mkononi.

Takeni risiti yenye jina la kampuni ya kadi na ukubwa wake, sio neno kadi peke yake. Na kabla ya kulipa, kubalianeni na muuzaji kwa maandishi mafupi nyuma ya risiti kwamba kadi itapimwa, na ikionekana pungufu itarudishwa katika siku chache mtakazopatana. Muuzaji mwaminifu hakatai jambo hili. Mimi nimekuwa nikilifanya tokea ile safari ya Kojani, na aliyekataa mpaka sasa ni mmoja tu. Sikununua kwake.

Ndugu Watumishi,

Sasa tufike katika mizani yenyewe. Kuna njia moja tu ya kuaminika, nayo ni kuijaza kadi pomoni na kisha kusoma kila kilichowekwa na kukilinganisha na kile kilichopelekwa. Kazi hii ina programu zake, na zile nitakazozitaja hazina malipo.

Kwa wenye kompyuta za Windows, iko H2testw, ambayo asili yake ni jarida la kompyuta la Kijerumani liitwalo c't. Ikifunguliwa mara ya kwanza huweza kuzungumza Kijerumani, msishtuke, kuna pahala pa kuchagua Kiingereza. Kwa wenye Linux au Mac iko F3, ambayo imegawika sehemu mbili, moja inaitwa f3write nayo huandika, na nyengine inaitwa f3read nayo husoma. Zote hufanya kazi kwa namna moja. Huijaza kadi kwa majalada ya gigabaiti moja moja, yaliyoandikwa mambo ambayo programu yenyewe inayajua, kisha huyasoma yote tokea la mwanzo hadi la mwisho. Mwishoni huandika ripoti kwamba kadi haina kosa, au kwamba gigabaiti kadhaa zimepotea. Ripoti hiyo hueleza pia mwendo wa kuandika na wa kusoma, kwa hivyo ile alama ya C10 au V30 nayo inapimwa kwa safari moja.

Upimaji huu unataka subira. Kadi ya gigabaiti 128 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itachukua zaidi ya saa tatu na nusu kuandikwa peke yake, na kusomwa kutaongeza muda mwengine. Ya 512 kwa mwendo huo itachukua zaidi ya saa 14. Njia nzuri ni kuianzisha jioni wakati wa kufunga ofisi, katika kompyuta yenye betri nzuri au kifaa cha kuhimili umeme unapokatika, na kuikagua asubuhi. Tumieni kifaa cha kusomea kilicho kizima na kipya kidogo, kwani kifaa kibovu kinaweza kuisingizia kadi njema makosa yasiyokuwa yake. Ikitokea ripoti mbaya, rudieni mara moja kwa kifaa chengine kabla ya kumkabili muuzaji.

Kuna masharti mawili ya lazima. La kwanza, kadi iwe tupu, kwa sababu programu hizi hupima nafasi iliyo wazi tu. La pili, msiijaribu kadi iliyokwishatumika na yenye kazi ndani yake kabla ya kuinakili kazi hiyo pahala pengine. Ikiwa ni kadi ya aina ile inayoandika juu ya mzigo wa zamani, upimaji wenyewe utakuwa ndio ufutaji.

Kwa mwenye haraka, mwaka 2023 mtaalamu wa Kimarekani Steve Gibson alitoa programu iitwayo ValiDrive. Hiyo haijazi kadi nzima, bali huchomachoma hapa na pale, kama tunavyochoma gunia la mchele kwa bambo kuangalia kilichomo katikati. Inamaliza kwa dakika chache na huwanasa wadanganyifu wa uwezo. Inafaa kwa kupimia palepale dukani mkiwa na kompyuta ya mkononi. Mimi huitumia kwa hatua ya kwanza, kisha ofisini huifanya ile ndefu.

Najua wengi wenu hamna kompyuta, mna simu tu. Kwenu nyinyi ni hivi: ijazeni kadi kwa video mpaka simu iseme nafasi imekwisha. Video moja ndefu inaweza kunakiliwa mara nyingi. Kisha izimeni simu, itoeni kadi, irudisheni na iwasheni tena, kwa sababu simu ikiwa haijazimwa huweza kukuonesheni kitu kilichobakia katika kumbukumbu yake yenyewe na mkadhani kimetoka katika kadi. Baada ya hapo fungueni video za mwanzo, za katikati na za mwisho, na mzitazame mpaka zinapomalizika. Njia hii si kamili kama ile ya programu, lakini ingetutosha sisi kule Kojani.

Kadi ikishindwa, irudishwe dukani pamoja na risiti na ripoti ya upimaji, ambayo inaweza kupigwa picha kwa simu. Ikiwa muuzaji hataki kusikiliza, viko vyombo vya Serikali vinavyohusika na viwango na haki za mlaji, na malalamiko hupelekwa huko kwa maandishi. Isiuzwe kwa mwengine, wala asipewe mtoto wa skuli kwa hoja kwamba yeye hana kitu cha maana cha kuhifadhi. Wapo wanaosema kwamba kadi ya uongo inaweza kurekebishwa ili itumike kwa uwezo wake wa kweli, na F3 inayo njia ya kufanya hivyo. Kwa matumizi ya nyumbani sina pingamizi. Kwa kazi ya Serikali siafiki, kwani aliyetumia chipu ya wizi katika ukubwa hana sababu ya kutumia chipu nzuri katika ubora.

Kwa upande wa maofisi, nina mambo ambayo nimekwisha kuyaandikia uongozi wa Wizara na naomba niyarudie mbele yenu. Taratibu zetu za kuomba bei kwa wauzaji watatu na kuchukua ya chini kabisa zinafaa kwa karatasi na saruji, ambazo upungufu wake unaonekana. Kwa kadi za kumbukumbu taratibu hizo, zikitumika peke yake, humpa ushindi mdanganyifu kila mara, kwa kuwa hakuna mwaminifu anayeweza kufikia bei yake. Barua ya kuomba bei itaje kampuni, ukubwa, alama ya mwendo, na sharti kwamba uwezo utapimwa na kadi pungufu itabadilishwa kwa gharama za muuzaji. Mtunza ghala asitie saini hati ya kupokelea mpaka aoneshwe ripoti ya upimaji, na mhasibu asipitishe malipo bila ya ripoti hiyo kuambatanishwa. Zikinunuliwa kadi 20, zipimwe zote 20. Imetokea kadi njema kuchanganywa na mbaya katika boksi moja, na ile inayotolewa juu kwa majaribio ndiyo njema. Kila kadi iliyofaulu ibandikwe namba na iandikwe katika daftari pamoja na tarehe ya kupimwa.

Kadi hata ikiwa halali si pahala pa kuwekea kumbukumbu kwa miaka. Ile chaji niliyoitaja huvuja taratibu, na kadi iliyosahauliwa katika mtoto wa meza muda mrefu huweza kufunguliwa ikakutwa na mapengo. Chumvi ya bahari na mchanga nazo hula zile shaba za mgongoni. Kadi ni mkoba wa safari. Ukifika nyumbani unautoa mzigo na kuuweka kabatini, yaani katika diski mbili zilizo katika majengo mawili tofauti, ndipo mkoba unakuwa tayari kwa safari nyengine. Na mkiwa safarini, tazameni kazi ya kila siku usiku wa siku ile ile, ya mwisho kabla ya ya mwanzo.

Ofisi yetu inayo kompyuta moja iliyotengwa kwa ajili ya upimaji huu. Mtumishi au mwananchi yeyote mwenye kadi anayoitilia shaka anaweza kuileta ikiwa tupu, pamoja na risiti yake, na kuifuata siku inayofuata. Hakuna malipo. Kwa ndugu zetu wa Pemba, tunaandaa kompyuta nyengine ya aina hiyo, na itakapokuwa tayari tangazo litatolewa katika ukurasa huu.